Jicho Ndani ya Kiberiti

Niliajiriwa kupika na kufagia, si kuangalia miungu ya watu. Hilo nilimweleza mapema yule mama wa Kihindu, pale Lushoto, na yeye akakubali bila kinyongo. Mtaa mzima ulimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao, nami nikamwita hivyo hivyo. Mumewe alishafariki, watoto wako Dar. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na upasuaji aliuogopa.

Kila asubuhi akishaoga, Ba alipapasa ukuta mpaka kwenye kabati dogo, akavuta pazia lake. Ndani alikaa mungu wake Krishna, wa jiwe jeusi, kimo cha chupa ya soda, mwenye macho meupe ya kubandika. Ba aliwasha taa ya samli, akasimama mbele yake kimya, uso juu, mpaka chai yangu ichemke. Mimi, Mlutheri wa Lukozi, niliyefundishwa tangu kipaimara kwamba sanamu haioni, nilikuwa nikijiuliza: huyu haoni, na yule haoni, wanatazamana nini? Nilicheka moyoni. Mungu anisamehe.

Asubuhi moja ya Julai, ukungu umeshuka hadi mlangoni, nikajitia kimbelembele kumfuta vumbi yule Krishna. Kitambaa kikanasa na jicho la kushoto likadondoka. Nililiokota, nikalitia kwenye kiberiti kitupu, nikakificha mfukoni mwa sweta. Nilijiambia: Ba mwenyewe haoni, atajua nini?

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika siku tano. Siku ya tano nikimmiminia chai, nilimwuliza kwa nini anajichosha kusimama pale na hali haoni kitu. Nilitaka aniambie ni mazoea tu, roho yangu itulie. Hakuniambia hivyo.

"Mwanangu, kwetu kwenda kwa Mungu ni kuonana," alisema. "Macho yangu yamekwisha, basi. Yake bado yapo. Nasimama pale anione."

Niliweka birika chini. Mwanamke aliyebaki peke yake katika nyumba ya vyumba vinne alikuwa na jambo moja la kumwamsha alfajiri na baridi ile, nami nilikuwa nimelikata nusu, nikalibeba mfukoni pamoja na pipi za wanangu. Niliona aibu hata machozi yakatangulia maneno. Nikamwekea kiberiti mkononi, nikamweleza yote.

Alilipapasa lile jicho kwa kidole gumba, muda mrefu. Nilingoja kufukuzwa. Badala yake akaagiza nta na kioo cha kujitazamia. Jicho likishabandikwa, alinieleza, mtazamo wake wa kwanza ni mkali, haufai kumwangukia mtu; lazima kioo kiupokee. Basi akalibandika mwenyewe kwa kupapasa, mimi nimesimama kando, nimeshika kioo mbele ya sanamu. Sijui mchungaji wangu angesema nini, na sikumwuliza.

Nilipoondoa kioo, Ba akajisogeza mahali pake. Alikuwa ameenda upande kidogo, nikamshika mabega nikamrudisha.

"Ananiona?" akauliza.

Nilimtazama Krishna usoni, kwa mara ya kwanza bila kitambaa mkononi. Ningeweza kusema ndiyo, yakaisha. Lakini uongo nilikuwa nimeshauchoka.

"La kulia linakuona, Ba. La kushoto limekaa upande. Linaangalia jikoni."

Nikanyoosha mkono nilirekebishe. Akanishika.

"Liache," akasema. "Na wewe huko jikoni uko peke yako."

Mume wangu alikuwa ameniacha miaka mitatu nyuma, na mpaka siku ile sikujua kwamba Ba alikuwa ameliona hilo.

Kanisani naenda kila Jumapili, na imani yangu sijaibadili. Ila nikipita mbele ya lile jicho la kushoto na ndoo ya maji, hunyoosha kilemba kwanza.