Maji Yalipofika Kwenye Chaki

Nilikuwa nimefundisha hisabati katika shule ya msingi kwa zaidi ya miaka ishirini, na siku zote hizo sikuwahi kuipima nyumba yangu mwenyewe. Tulijenga upande wa chini wa mji wa Voi, karibu na laga. Laga ni mto wa mchanga. Miezi mingi mbuzi hupita humo na akina mama huchimba visima vya mkono, na mgeni anaweza kuuvuka mchana kweupe asijue amevuka mto. Aliyetuuzia kiwanja alituambia maji hayajawahi kutoka kwenye kingo. Mume wangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, alimwamini. Mimi nami nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nimeshakipenda kiwanja.

Siku moja, wakati wa chai ya saa nne, binti mmoja niliyemfundisha zamani aliingia ofisi ya walimu akiwa na mkoba mweusi. Alikuwa ajenti wa bima. Wenzangu waliinamia madaftari ghafla, kila mmoja akawa na kazi ya kusahihisha. Nilimhurumia nikampa kiti.

"Moto umo," akasema akinifungulia karatasi za bima ya nyumba. "Radi imo. Wezi wamo."

"Na mafuriko?"

Alinitazama. "Mwalimu, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hilo."

Mafuriko hayakuwemo. Palikuwa na kifungu cha kuongeza, nacho kilikuwa na masharti yake, tukakisoma pamoja mstari kwa mstari mpaka chai yangu ikapoa. Maji yanayotoka mtoni na kuingia ndani ni mafuriko. Maji ya paa linalovuja si mafuriko. Kifungu hakianzi kufanya kazi siku unapotia sahihi, kuna siku za kungoja, ili watu wasije mbio wakati maji yako mlangoni. Nilifurahi kama mtu aliyepewa fumbo. Nilichukua kalamu nikaanza kujaza fomu palepale, hadi nilipofika kwenye swali moja fupi: je, maji yamewahi kufika mahali nyumba ilipo?

Nilikuwa tayari kuandika hapana. Kalamu ikasimama. Nani aliniambia hapana? Mtu aliyekuwa akiniuzia kiwanja.

"Niandikeje kama sijui?"

"Usiandike kitu usichokijua, Mwalimu," akasema. "Ukiandika hapana, halafu ikaja kuonekana yalifika, wanaweza kukataa kukulipa. Enda uulize kwanza."

Jioni hiyo nilienda kwa jirani yetu, bibi wa Kikamba aliyehamia hapo kabla ya nyumba nyingine yoyote kujengwa. Nilimkuta anachambua pojo barazani. Nilipomuuliza, hakuinua hata kichwa.

"Yalifika, mwanangu. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Ule mgunga mkubwa pale kwenye kona ya laga, nenda ukauangalie vizuri. Nyasi za siku hiyo ziko juu bado."

Nilienda na viatu vya shule hivyo hivyo. Mgunga ule nilikuwa nimeupita mara elfu. Nikainua macho, na kweli, juu kuliko kichwa changu, penye panda ya matawi, palikuwa na bonge la nyasi kavu na vijiti vilivyosokotana, vimebanwa na kipande cha gunia. Hakuna ndege anayejenga hivyo. Ni maji yaliyoziweka pale. Moyo ulinienda mbio, na nikiri kwamba haukuwa woga. Nilikuwa nimepata namba ya kwanza ya hesabu yangu.

Jumamosi nilimwita fundi aliyetujengea. Alikuja na ule mpira mwembamba ambao mafundi huutia maji ili kusawazisha msingi. Maji ndani yake hukaa usawa mmoja ncha zote mbili, hata kama anayeshika moja amesimama bondeni na mwenzake mlimani. Fundi akapanda mgunga, akashika ncha moja penye nyasi. Mimi nikaipeleka nyingine mbele, nikaweka alama kwenye kigingi kirefu. Halafu akashuka, tukaanza tena kutoka kwenye kile kigingi. Tulisogea hivyo, kigingi baada ya kigingi, jua likituchoma visogo, hadi tukafika ukumbini kwangu.

"Shika hapo, madam. Usitikise." Maji yakapanda na kushuka ndani ya mpira, yakatulia. "Weka alama."

Nilichora mstari wa chaki kwenye ukuta, pembeni mwa mlango. Ulikuwa umenifika juu kidogo ya goti.

Fundi akasema hicho si kipimo cha injinia, mto una mteremko na maji yana njia zake, lakini kama ingekuwa nyumba yake angelala akiuamini mstari ule.

Mume wangu aliporudi kutoka dukani aliusogelea ukuta. "Umeichafua rangi kwa sababu ya nyasi za kwenye mti?"

"Nenda kwa jirani, umuulize."

Alienda. Alirudi akiwa mtu mwingine, bado ameshika kofia mkononi. "Anasema maji yalikuwa yamemfika hapa," akasema, akajigusa juu ya goti. Hatukuwa tumemwambia bibi habari ya chaki.

Kuanzia hapo tukawa kama watoto waliopewa kazi wanayoipenda. Nyumba hatukuweza kuiinua, lakini soketi za umeme tulizihamishia juu ya mstari. Mume wangu alitengeneza rafu za chuma hadi karibu na dari. Hati ya kiwanja, vyeti vya shule na picha za harusi viliingia kwenye ndoo yenye kifuniko, ikakaa juu kabisa. Nilipiga picha kila chumba na kila kifaa, nikamtumia ajenti. Kwenye fomu niliandika: ndiyo, yaliwahi kufika, na nikaeleza nimejuaje. Walitupandishia ada ya bima kidogo kwa ukweli huo. Mume wangu alinung'unika siku mbili kisha akatia sahihi. Siku za kungoja ziliisha kabla ya mvua za masika.

Maji yalikuja siku ya jua. Mtu asiyekaa Voi huona ajabu nikisema hivyo, lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani Taita usiku kucha na asubuhi, huku kwetu nguo zikikauka kambani. Tulikuwa nyumbani wote wawili, shule zimefungwa. Tulisikia kwanza sauti, kama lori linalopanda mlima kwa gia nzito, lakini halifiki. Mume wangu akaenda ukingoni, akarudi akikimbia.

"Beba magodoro. Bibi jirani nimempakia kwenye pikipiki, anapelekwa barabarani."

Tulipandisha magodoro, redio, unga, cherehani. Tulizima umeme kwenye swichi kubwa. Kisha maji yakaingia chini ya mlango, mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani, polepole, bila haraka yoyote. Yakafika kifundoni, yakapanda. Tulipaswa kutoka, na mume wangu alikuwa ananivuta mkono, lakini mimi nilikuwa nimegeuza shingo kutazama ukuta. Yalipanda, yakasita. Yakakoma vidole viwili chini ya chaki.

Nilicheka. Nilisimama kwenye maji ya mafuriko, ndani ya nyumba yangu, nikacheka hadi machozi.

"Mwalimu, unaumwa?" mume wangu akauliza.

"Tulipima sawa," nikamwambia. "Angalia mwenyewe. Tulipima sawa."

Akaangalia. Akaanza kutabasamu, kisha akakumbuka tuko wapi, tukatoka tumeshikana mikono tukipita upande wa juu wa kiwanja kuelekea barabarani.

Maji yaliondoka kabla ya magharibi. Matope yalibaki. Kabla ya kuyagusa nilipiga picha tena kila chumba, nikampigia simu ajenti. Siku chache baadaye kampuni ilimtuma mtu wa kukadiria hasara, bwana mpole aliyevaa gambuti. Swali lake kubwa lilikuwa kama maji yalitoka paani au mtoni. Nilimwonyesha dari kavu, nikamwonyesha mstari wa matope uliozunguka kuta zote kwa usawa mmoja. Aliinama mbele ya chaki.

"Hii ni ya nini?"

Nilimweleza mambo ya mgunga na mpira wa fundi. Alisikiliza yote, akaniomba ruhusa ya kuipiga picha.

Walilipa milango, makabati, kochi na rangi ya nyumba nzima. Hawakulipa uzio wala banda la kuku, kwa sababu hatukuwa tumeviandika, na hapo sikuwa na la kubisha. Kuku wenyewe walikuwa wamejiokoa juu ya paa la choo. Tulipohuisha bima, mume wangu ndiye aliyeisoma karatasi, kwa sauti, akirudia kila kifungu. Banda liliandikwa la kwanza.

Siku hizi mteja akija dukani kununua simenti ya msingi, mume wangu humuuliza kiwanja kiko wapi. Akisikia ni karibu na laga, huacha kaunta, huvuta viti viwili, na kumwambia akae kwanza. Wiki iliyopita alinipigia simu nikiwa darasani kuniambia kwamba vijana wawili waliooana juzi wameng'oa vigingi vyao vya msingi kando ya laga na kuvipanda upande wa juu, karibu na barabara. Alikuwa anaongea haraka mno hadi nikamwomba aanze upya.