Trekta Iliyoipita Benzi ya Meja

Mimi nimeona trekta ya kulimia iliyoipita Benzi kwenye barabara ya Jinja, mchana kweupe. Dereva wake alikuwa mume wangu, kavaa koti la jeshi lisilo lake.

Kama huamini, pita. Sikuja hapa kukubembeleza.

Kila siku nasoma humu vijana wakisifu utawala wa wanajeshi wa Uganda, ati kulikuwa na nidhamu. Ulikuwa wapi wewe? Hata baba yako alikuwa bado anatambaa. Kaa chini nikusimulie nidhamu yenyewe.

Sisi ni watu wa Bungoma. Mume wangu, Masinde, alikuwa fundi magari mtaa wa Kisenyi, Kampala, na mimi nilikaanga chapati pale mlangoni mwa gereji. Mtoto wetu Nanyama tulimwacha Bungoma kwa bibi yake. Kampala ya wakati ule unga ulipatikana kwa magendo, na sukari tuliisikia tu ikitajwa.

Siku moja akaja Kapteni Jafar, nyuma yake trekta kuukuu inavutwa kwa kamba.

Huyo Kapteni alikuwa amepewa shamba la miwa la Mhindi aliyefukuzwa. Shamba zima! Mtu ambaye hajui miwa inapandwa upande gani. Ilikauka yote, yeye anazunguka mjini na miwani ya jua.

Wakubwa wenzake wakaanza kumtania kwenye kilabu cha maafisa. Meja mmoja akamwita mkulima mbele ya watu, akamuuliza jembe lake ameliacha wapi.

Kapteni akapandwa na hasira, akaapa kwamba trekta ya shamba lake itaishinda Benzi ya Meja, kutoka Kampala mpaka Lugazi. Wakacheka, wakapanga siku.

Watu wazima, wenye wake na bunduki!

"Fundi, sikia," akamwambia Masinde. "Hii trekta mimi nataka kimbia shinda Benzi ya Meja."

"Afande, trekta ni ya kulima."

"Nani iliuliza wewe mambo ya kulima?"

Akafungua buti la gari lake, akamwonyesha Masinde ndani.

"Ikishindwa, wewe nalala hapa."

Kila mtu Kampala alijua maana ya kulazwa kwenye buti. Niliisahau chapati mpaka ikaungua.

Basi Masinde akaanza kazi, yeye na Okeny, Mwacholi aliyekuwa akichomelea vyuma pale gereji. Wakatoa injini ya trekta, wakaweka ya lori. Wakabadilisha giaboksi na difu ili magurudumu yazunguke kwa kasi. Matairi ya nyuma wakafunga ya lori, na gavana, kile kifaa kinachozuia injini isizidishe mbio, wakakitupa.

Na unajua nini? Wakaanza kuipenda! Wanaume bwana. Mtu ametishwa kifo, lakini akisikia injini inanguruma anatabasamu kama bwana harusi.

"Mama Nanyama, hebu sikiliza sauti hiyo!"

"Nasikia sauti ya matanga yako," nikamjibu.

Siku moja kabla ya mashindano, Kapteni akaja kuijaribu. Sasa elewa kitu kimoja. Trekta ina pedeli mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na moja ya kulia. Shambani unakanyaga moja, trekta inageuka papo hapo. Barabarani lazima uzifunge pamoja kwa komeo, la sivyo utajiua.

"Afande, usifungue hilo komeo," Masinde akamwambia.

"Mimi ni Kapteni. Wewe nafundisha mimi breki?"

Akalifungua. Ati amewaona madereva wa shambani wakigeuza hivyo, na yeye anataka kugeuza kwa madaha watu wa mtaa wa Bwaise wamwone.

Walimwona kweli. Alifika Bwaise kwa mbio, akakanyaga pedeli moja, trekta ikazunguka, yeye akarushwa kwenye mtaro wa maji machafu. Trekta haikupata hata mkwaruzo, ila Kapteni alivunjika mkono.

Watu hawakucheka. Waligeuza nyuso ukutani, mabega yakitikisika.

Jioni akatuita nyumbani kwake, mkono umefungwa plasta. Nikadhani mambo yameisha. Wapi!

"Kesho wewe nandesha," akamwambia Masinde, akamtupia koti lake, kofia na miwani. "Meja atafikiri ni mimi. Mimi nakaa ndani hapa. Mutu asijue."

Masinde akatoka pale amefurahi. Amefurahi! Njiani ananiambia hiyo trekta hakuna Benzi itakayoikamata, Benzi yenyewe ya Meja inakohoa tu, spea hakuna nchi nzima.

Nikamsimamisha.

"Baba Nanyama, una akili wewe? Ukishindwa, anakuua. Ukishinda, wewe ndiye shahidi kwamba alijificha nyumbani. Unadhani atakuacha uzunguke Kisenyi na siri hiyo?"

Tabasamu likamtoka.

"Sasa nifanye nini?"

"Ukifika Lugazi, usisimame."

Asubuhi nikapanda lori la mkaa, nikashuka mbele ya Lugazi, nikakaa kando ya barabara na kifurushi changu. Niliomba Mungu kwa Kibukusu, kwa Kiswahili, kwa lugha zote. Nilijua ikija Benzi peke yake, mimi ni mjane.

Nikasikia mngurumo. Juu ya mlima ikatokea trekta, ekzosi inatoa moshi mweusi, mbuzi wanatawanyika. Benzi wala haionekani.

Masinde akapunguza mwendo, nikarukia kwenye bawa la gurudumu, nikashikilia chuma kwa mikono miwili.

"Nimempita, Mama Nanyama! Nimempita kabla ya Mukono!"

"Endesha, mjinga wewe!"

Vizuizi vyote vya njiani vilikuwa wazi, maana askari waliliona lile koti la Kapteni, wakatupisha. Lakini pale darajani Jinja mmoja akanyoosha mkono.

"Afande, naenda wapi na trekta?"

Masinde akafungua mdomo, nikamfinya. Angesema lolote, Kiswahili chake cha Bungoma kingetumaliza. Nikainuka mimi.

"Wewe nani nasimamisha bibi ya afande kwa jua? Jina yako nani? Sema jina yako!"

Askari akapiga saluti mpaka kofia ikaanguka.

Karibu na mpaka tukaacha lami. Tukaingia njia ya panya wanayopitisha kahawa ya magendo, tukashuka kwenye kijito, maji yakatufika magotini. Benzi ingezama pale. Trekta ilitutikisa kidogo, ikapanda ng'ambo ya pili, tukawa Kenya. Masinde akavua lile koti akalitupa majini, kisha akalia kama mtoto. Na mimi nililia, sitadanganya.

Kwa miezi mingi nililala nikiwaza kwamba watatufuata. Hakuja mtu, na sikuelewa kwa nini mpaka Okeny naye alipotoroka, akafika kwetu amekonda, akatueleza aliyoyasikia kwa mtumishi wa Kapteni.

Kumbe siku ile ile wakubwa walikwenda nyumbani kwa Kapteni na kreti za bia kumpongeza. Meja mwenyewe alimpa mkono. Kapteni akakenua meno. Akasema mkono aliuvunja akishuka kwenye trekta baada ya ushindi.

"Na trekta iko wapi?" Meja akamuuliza. "Hukusimama Lugazi."

Angesema, "Fundi ameiiba." Lakini hapo ilibidi aseme pia kwamba siku nzima alikuwa amejificha chumbani.

Hakuweza. Akajitutumua, akasema ilikuwa na mbio hivi kwamba yeye mwenyewe aliendelea nayo mpaka mpakani, akawauzia Wakenya, akarudi kwa gari la mtu.

Okeny alisema wakubwa wote waliweka chupa chini. Mali ya serikali, maana shamba lile alikabidhiwa tu, imeuzwa Kenya, na mwenyewe anatamba mbele ya mashahidi. Wakati ule watu walipigwa risasi kwa gunia moja la kahawa.

Wakamchukua kabla bia haijaisha. Hakurudi tena.

Neno moja tu lingemwokoa: "Si mimi niliyeendesha." Plasta ya mkono wake ilikuwa ushahidi, Bwaise nzima ilikuwa mashahidi. Okeny anasema hata alipokuwa anaingizwa garini, hakulisema.

Masinde alimsikitikia. Mimi nilimwongezea Okeny ugali.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Mimi naongeza langu: ukimpata mkubwa anayeogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kufa, mkimbie mapema, maana mtu wa namna hiyo hatajihurumia mwenyewe, sembuse wewe.