Bampa Iliyooshwa kwa Wavu

Huyu ni Afua Konadu Birago wa Krofrom, hapa Kumasi. Bibi yake, Birago wa Ntonso, alichemsha magome ya miti akatia weusi vitambaa vya msiba ambavyo mpaka leo havijachuja. Baba yake, Kwaku Adusei, aliandika maneno kwenye malori ya abiria; bodi zilioza, maandishi yakabaki. Na yeye mwenyewe, tangu mumewe afariki akamwachia kompresa moja ya kupulizia rangi na deni la mafuta, hakuna bampa ya plastiki iliyoingia uani kwake ikatoka na aibu. Miaka ishirini na sita. Sasa mtu kama huyo anaambiwa, mbele ya muuza kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, na wateja wake wote, kwamba rangi yake imebambuka!

Aliyesema ni Yaw Tabiri, muuza mbao. Jumamosi alikuwa anamzika mama mkwe wake, na mkwe wa kiume hapiti msibani kimyakimya: anakuja na vinywaji, na kitambaa, na gari, na ukoo mzima unasimama kuhesabu. Bampa ya gari lake ilikuwa imekwaruzwa na ukuta. Jumatatu Konadu aliifungua, akaiosha kwa sabuni ya vyombo kutoa mafuta, akaipiga msasa, akaipaka praima ya plastiki, ile rangi ya kwanza ya kushikisha ambayo wanaume wa gereji wanairuka. Alimwaga maji ua mzima ili vumbi la upepo wa harmattan lilale, akafunga kitambaa puani, akapuliza rangi ya bluu mikono mitatu, kisha klia, ile ya juu isiyo na rangi inayong'arisha. Alipoifunga tena garini alimwambia Tabiri mara mbili: "Wiki nzima usiiguse kwa sabuni wala kitu kikavu. Vumbi likikaa, pangusa kwa kitambaa laini chenye maji. Basi."

Ijumaa asubuhi, maneno ya kwenye kenkey yakiwa yameshamfikia Konadu, gari likaingia uani kwa kishindo.

"Mama Konadu, umeniua! Kesho ukoo mzima utanipangia mstari kunikagua, na gari lina mdomo kama wa mbuzi aliyekula majivu!"

"Salamu zimepigwa marufuku, Tabiri?"

"Salamu gani? Rangi imebambuka!"

Nyuma yake alishuka Badu, fundi mwenye gereji barabarani, anacheka hata kabla hajafunga mlango. "Nilimwambia, Mama. Bampa siyo kucha, uipake halafu ukae kuipepea."

Majirani walishaanza kujaa getini. Konadu alisikia damu ikimpanda mpaka masikioni. Angeweza kustahimili kuitwa mchelewaji, hata kuitwa mchoyo. Lakini rangi kubambuka! Rangi ya mjukuu wa Birago!

Aliingia ndani akatoka na utepe wa karatasi wenye gundi, akamtupia Badu. "Wewe mjuzi, bandika hapo. Kandamiza. Haya, ng'oa kwa nguvu zako zote."

Badu akabandika, akang'oa. Utepe ukatoka mweupe kama ulivyoingia, bila chembe ya rangi. Akarudia kwenye kona. Mweupe.

"Rangi zako wewe zingetoka kama ngozi ya nyoka," Konadu alisema. "Mwongo ni nani sasa?"

"Lakini haing'ai!" Tabiri akapaza sauti. "Iangalie!"

Konadu akainama kuiangalia. Kweli, ilikuwa imefifia, mikwaruzo midogo midogo imezungukazunguka kila mahali. Akapitisha kidole kwenye tundu la taa ya chini. Pale kwenye ukingo kulikuwa na uzi umekwama, wa plastiki, wa kijani. Akauvuta taratibu, akauinua watu wauone.

"Tabiri. Uliiosha na nini?"

"Maji tu."

"Na nini?"

Tabiri alitazama viatu vyake. "Na ule wavu wa kuogea, lile dodoki la plastiki. Jana. Nilitaka ing'ae zaidi."

Getini watu waliangua kicheko. Konadu hakucheka hata kidogo.

"Wavu unaosugulia magaga ya miguu! Ndio uliousugulia uso wa gari, siku ya nne tu! Halafu badala ya kuja kwangu unakwenda kunitangaza kwenye kenkey, kwamba Konadu hajui kazi! Mama mkwe wako angekuwa hai ningempelekea huu uzi mkononi."

"Nisamehe, Mama. Nisaidie, kesho nitaonekana vipi?"

Konadu akachukua ndoo, akalowesha msasa ule laini kuliko wote, akasugua upande wa kushoto kwa maji. Ukawa mweupe pee, Tabiri akashika kichwa. Kisha akatia polishi kwenye kitambaa, akazungusha, akazungusha, mpaka migomba ya jirani ikaonekana ndani ya bluu, majani na yote. Badu alikuwa keshaondoka kwa miguu.

Konadu akafika katikati, akasimama, akamwekea Tabiri msasa kiganjani.

"Nusu iliyobaki ni yako. Maji yasikauke, mkono usikandamize. Maji yakitoka meupe kama maziwa, endelea. Yakitoka ya bluu, klia imeisha, acha hapo hapo uniite. Ukimaliza utakwenda pale kwenye kenkey uwaambie uliosha na nini. Kwa sauti ile ile. Haya, piga magoti, jua linapanda."