Meneja Agoma Kutoka Tunduni

Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha Beldina kazi ya mikono. Hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe, na katika kijiji cha wafanyakazi anakoishi, juu ya mto, kwenye shamba moja la majani chai kati ya Kericho na Bomet, hajatokea wa kumpinga. Amechuma chai miaka ishirini na tisa. Nyapara wake wa kwanza alistaafu, wa pili akahamishwa, wa tatu akaacha kazi akawa mhubiri, na Beldina yupo palepale, kikapu mgongoni na aproni ya plastiki kiunoni. Vidole vyake vimekolea weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Kwenye kibanda cha mizani watu humpisha atangulie, si kwa heshima ya umri, bali wapate kujua mapema leo amewaacha kwa kilo ngapi.

Basi mtu wa namna hiyo alipoanza kushindwa na ndege asiyefikia uzito wa konzi moja ya majani, kijiji kizima kilipata la kuzungumza.

Ndege mwenyewe ni wa mumewe, Opondo, ambaye hulisha kuni boila ya kiwanda cha chai. Ni kasuku mdogo wa kijani, wa kufugwa nyumbani, aliyeachwa na karani mmoja aliyehama miaka sita iliyopita. Beldina ndiye aliyempa jina la Meneja, kwa kuwa kazi yake ni kukaa juu kutwa nzima akitazama wengine wakifanya kazi. Kila jioni Opondo akirudi, hufungua mlango wa tundu, kisha hurudi kusimama mlangoni pa nyumba, mikono miwili mbele, viganja juu, mithili ya mtu anayengoja kupakiwa kuni. Meneja hutoka, hutua kwenye mkono, akapanda hadi begani. Beldina huwapita na sufuria yake.

"Baba Quinter, weka mikono chini," humwambia. "Hapa hakuna kuni."

Mwezi uliopita Opondo alichukua likizo akaenda kwao Ugenya kupaua nyumba watakayostaafia. Aliacha agizo moja tu: sakafu ya tundu itandikwe gazeti, libadilishwe kila asubuhi. Beldina aliona hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi. Alichukua kipande cha wavu mkuukuu wa kubebea majani, akakikata kwa kipimo, akakitandika. Uchafu ungepita chini, wavu ungekung'utwa mara moja kwa wiki, na mambo yangekwisha. Alijisifu kwa jirani yake Molly siku hiyohiyo.

Jumatatu alasiri, aliporudi kutoka shambani, alimwona Meneja amesimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa umezungukwa na uzi wa wavu, uzi mwembamba wa nailoni, umejikaza juu ya vidole, na vidole vimevimba na kubadilika rangi. Beldina hakumlaumu mtu mwingine, maana hapakuwa na wa kulaumu.

Alifungua mlango wa tundu akaingiza mkono. Meneja alirukaruka akijigonga kwenye nyaya, akapanda hadi pembe ya juu kabisa, na ncha ya uzi ikanasa kwenye waya akaning'inia kichwa chini. Beldina alitoa mkono upesi. Ndege alihangaika, akajinasua, akatulia huku kifua kikipanda na kushuka.

Kesho yake alimwita Kiarie, mwenye duka la dawa za mifugo pale sentani penye maduka. Kiarie aliinama mbele ya tundu muda mrefu bila kugusa kitu.

"Mama Quinter, hii uzi imekaza sana," alisema. "Ikifika wikendi bado iko, hiyo mguu itakauka, ianguke."

"Si umtoe tu umkate hiyo uzi?"

"Nikimkamata ndani ya hii tundu ataumia. Niliona mmoja akishikwa na nguvu, roho ikasimama hapohapo kwa mkono. Lazima atoke mwenyewe, akae mahali ametulia. Hapo hata wewe unaweza kata." Alimwachia mkasi mdogo wa ncha kali. "Huwa anatoka kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

"Basi mpigie simu."

Beldina alisema atampigia, na hakumpigia. Angemwambia nini? Kwamba gazeti lilimshinda? Zaidi ya hayo, hakuona sababu. Mikono hii ilikuwa imechuma vichipukizi kwenye mvua ya mawe bila kurarua jani. Ndege mmoja angekuwa nini?

Jumatano aliomba ruhusa ya nusu siku, jambo ambalo nyapara hakumbuki lini aliwahi kuliomba. Alifunga madirisha, akanunua shuke la wimbi kwa mama mmoja Mkipsigis anayeuza nafaka nje ya geti, akalifunga mlangoni mwa tundu. Meneja alishuka. Alikula, tena kwa uroho, kichwa kikiwa nje kabisa ya mlango. Beldina akapeleka mkono polepole, polepole sana, vidole viwili vimetangulia. Ndege akarudi kwenye pembe ya juu. Walirudia mchezo huo hadi saa tisa mvua ilipoanza kupiga mabati, na hapo hata wimbi likakosa mteja.

"Anakuogopa," Molly alisema Alhamisi mchana. Naye ni mchumaji, na siku hiyo walikuwa wametoka mapema kwa sababu lori la majani liliharibika. "Wewe ulimtega na wavu. Hebu mimi nijaribu. Na mimi hanijui kwa ubaya."

Beldina akampisha, akakaa kwenye kiti kando ya tundu. Meneja alikuwa mlangoni anakula. Molly akanyoosha mkono. Kwa mara ya kwanza Beldina aliuona mkono huo kwa ubavu, akiwa hana kazi ila kutazama. Ulipanda kwanza juu ya ndege, ukasimama kidogo, kisha ukaanza kushuka, kidole gumba na cha shahada vikikaribiana. Meneja akakimbia.

"Molly," alisema, "unajua unafanya nini? Unachuma."

Molly akautazama mkono wake.

Hapo Beldina alielewa yote kwa pamoja, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Wao hawajui kushika kitu kwa njia nyingine. Miaka yote hiyo mkono unatoka juu, unashuka kwenye kichaka, unabana, unarusha nyuma kikapuni. Hata chumvi wanaichota hivyo. Wamemwona mwewe mara ngapi akishuka hivyohivyo kwenye vifaranga vya kijiji, wakamtupia mawe na matusi? Siku nne nzima yeye Beldina, mwenye mikono inayosifiwa hadi kiwandani, alikuwa akimjia yule maskini kama mwewe, na alipoona ndege haji akadhani dawa ni kupunguza mwendo.

Opondo hachumi. Opondo hubeba magogo ya mikaratusi kwa mikono miwili, viganja juu, na mikono yake haijui kuja kwa namna nyingine.

Beldina aliinuka. Alivaa koti la kazi la mumewe lililokuwa linaning'inia nyuma ya mlango, akaufungua mlango wa tundu kabisa, akarudi hadi mlangoni pa nyumba. Akanyoosha mikono mbele, viganja juu, akasimama.

"Utasimama hivyo mpaka lini?" Molly aliuliza.

"Mpaka atoke. Wewe kaa chini, na hiyo mikono yako uikalie."

Alijua kwamba atatoka. Hakujua kwamba kusimama hivyo kunaumiza. Mabega yaliyozoea kikapu yalianza kutetemeka baada ya dakika chache, na viwiko vikawaka moto. Kuchuma ni kwenda kukichukua kitu. Hii ilikuwa kazi nyingine, ya kujiweka wazi na kungoja, na alishangaa kwamba mwanamume anayetoka zamu ya boila alikuwa akiifanya kila jioni bila kulalamika. Alimkumbuka kwa nguvu iliyomshtua. Mvua ikaanza, matone mazito mojamoja.

Meneja alisimama kwenye kizingiti cha tundu. Aliinamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. Kisha akaruka, akatua kwenye mkono wa Beldina, na kwa mguu mmoja uliokuwa mzima akaanza kupanda mkono wa koti.

Beldina alileta mkono wa pili kwa chini na ubavuni, akamfunika mbawa taratibu. Ndege akamng'ata kidole gumba hadi damu. Beldina hakutikisika.

"Kata sasa," alisema.

Molly aliingiza ncha ya mkasi chini ya uzi. Mikono yake ilikuwa imara, maana hakuna mchumaji wa pale asiye na mikono imara. Uzi ulikatika, ukaanguka sakafuni, kitu kidogo kisichoonekana vizuri. Walikaa wakiutazama mguu ule, na mvua ilipopungua vidole vilikuwa vimeanza kurudia rangi yake.

Jioni Opondo alipiga simu kuuliza hali. Beldina alimwambia yote, kuanzia wavu, bila kujipunguzia kosa.

"Na ulimtoa aje?" Opondo aliuliza. "Huyo hutoka kwangu peke yangu."

"Nilisimama kwa mlango kama wewe, na koti yako. Miaka sita nakucheka, kumbe hiyo ndiyo kazi."

Opondo alicheka kidogo.

"Mama Quinter, mimi nilianza kusimama hivyo kabla hatujapata ndege."

Beldina alisikia nyundo za mafundi kwa mbali, upande ule wa simu. Mwishowe alimwambia mabati yaliyobaki mafundi wanaweza kuyapigilia bila yeye kuyatazama, na kwamba badala ya Jumapili aje Jumamosi.

Opondo alifika Jumamosi saa kumi, amelowa. Alifungua tundu, lenye gazeti jipya sakafuni, akarudi mlangoni akasimama kama kawaida yake, mikono mbele. Beldina aliweka sufuria chini.

Siku hiyo, kwenye mikono ile, Meneja alifika wa pili.