Mama Mizani na gramu mia nne za kitambaa

Umewahi kumpima mtoto wa miezi saba ambaye hataki kupimwa?

Kama hujawahi, njoo Jumatano, saa mbili kasorobo asubuhi, usimame kando ya mlango wa chumba cha watoto katika zahanati hii ya vyumba vinne, umtazame mwanamke wa makamo aliyevaa gauni la kazi la kijani lenye kiraka kwenye kiwiko.

Anatandika kitambaa chembamba juu ya mizani mpya, ile yenye sahani kama beseni la kuogeshea mtoto na kidirisha cha namba. Anabonyeza kitufe. Anasubiri namba zitulie. Halafu, kabla hajampokea mtoto, anamwita mama asogee.

"Sifuri, mwanangu. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Kitambaa hakimo kwenye hesabu. Haya, nipe huyo bwana mkubwa, leo tuone amekula nini."

Bwana mkubwa anapiga mateke na kulia kama anayenyang'anywa shamba. Mwanamke hamkandamizi. Anaweka kiganja juu ya kifua chake, karibu kabisa lakini bila kugusa, na kungoja. Namba zinacheza. Mtoto anashika kidole chake, anakiangalia, ananyamaza. Namba zinasimama.

"Saba nukta moja," anasema mwanamke.

"Saba nukta moja," anarudia muuguzi aliyeketi mezani, na kuandika kwenye kadi.

Kwenye benchi na barazani wamebaki watoto ishirini na sita. Kila mama ataitwa aone sifuri kwa macho yake. Foleni inakwenda taratibu, na hakuna anayenung'unika. Miezi michache iliyopita benchi hili hili lilikaa tupu, na zahanati ilibakiza kidogo tu ipoteze kliniki yake ya watoto.

Watu wanamwita Mama Mizani. Ana miaka hamsini na minne, watoto wanne na wajukuu saba. Elimu yake ni ya msingi. Mumewe, fundi baiskeli, analipenda jina hilo kuliko mwenyewe.

"Nikipungua kidogo tu, ananitazama kama anatafuta ndoano ya kunitundika," anasema mume, akizungusha gurudumu.

"Wewe nani akutundike? Boriti itavunjika," anajibu mkewe kutoka ndani.

Aliajiriwa zahanatini miaka ishirini na miwili iliyopita kufagia na kuchemsha vyombo. Jumatano moja muuguzi wa wakati huo aliitwa mbio kwa mzazi mwenye uchungu, akamwachia mizani. "Aliniambia, shika hapa, angalia mshale, niambie namba. Basi. Aliporudi nilikuwa nimepima watoto kumi na wawili. Wiki iliyofuata akaniita tena."

Mizani ya siku hizo ilikuwa ya mviringo kama saa ya ukutani, imening'inizwa kwenye boriti, na ndoano chini yake. Mtoto alivalishwa mfuko wa kupimia wenye matundu mawili ya miguu, kama bukta, halafu akatundikwa kwa kamba zake. Ili foleni isilale, mifuko ilikuwa mitatu. Mtoto mmoja yuko juu, wa pili anavalishwa kwenye benchi, wa tatu anavuliwa. Kwa hiyo ndoano ilikuwa ama tupu, ama ina mtoto. Mfuko mtupu haukutundikwa hata siku moja.

Hilo uliweke akilini, maana ndilo lililokuja kuwatoa jasho.

Miaka minne iliyopita mifuko ile ilichakaa. Ilikuwa ya kitambaa chepesi na mishono yake ilikata mapaja ya watoto. Mama Mizani hakuvumilia. Alitafuta turubai, akakata bitana kutoka blanketi la nyumbani kwake, akashona kwa mkono wiki mbili nzima: kamba pana, pindo nene, vishikizo vikubwa vya mbao ili visichomoke. Wanawake waliusifu mkono wake. Watoto waliacha kulia wakivalishwa. Mwingine alisinzia humo humo akining'inia.

"Nilijisikia nimefanya jambo," anasema.

Halafu yakaja mabadiliko. Kwanza huduma ya kujifungua ilihamishiwa hospitali kubwa, kilomita kumi na nne kutoka hapa. Vipimo vya damu vikafuata. Wakubwa walieleza kwamba kule kuna vifaa na wataalamu, na walisema kweli. Lakini kilomita kumi na nne ni saa tatu za mguu kwa mama mwenye mtoto mgongoni, na nauli ya kwenda na kurudi ni sawa na kibarua cha siku mbili. Kilichobaki cha maana hapa kilikuwa kliniki ya watoto. Ili kuiimarisha, ikaletwa mizani mpya ya namba.

Jumatano ya kwanza ya mizani mpya, kila mtoto alipungua. Aliyekuwa na kilo nane akawa na saba nukta sita. Mapacha wa muuza mkaa wakapungua wote wawili, kiasi kile kile, kama waliopatana. Mtoto mnene aliyeitwa Pipa na mtaa mzima, naye akapungua.

"Mashine gani hii inawakondesha watoto wetu kwa kuwalaza tu?" aliuliza mama wa mapacha.

"Inanyonya," alijibu mwenzake kwenye benchi. Wakacheka, lakini kicheko kile hakikufika mbali.

Mwezi uliofuata walikuja wachache. Wengine, mtoto alipopungua, waligombezwa nyumbani na wakwe: unamlisha nini mjukuu wangu? Nani anataka kurudi mahali pa kuaibishwa? Watoto sabini na wanne kwa mwezi wakawa arobaini na mmoja, wakawa ishirini na wanane, wakawa kumi na tisa. Hawakwenda hospitali kubwa. Walikaa nyumbani, na chanjo zao zikakaa kwenye jokofu.

Ndipo barua ilipobandikwa ubaoni. Kama idadi haitafika arobaini kwa mwezi, kliniki itahamishiwa hospitali kubwa ifikapo mwisho wa robo ya mwaka. Miezi mitatu.

Ilikuwa Jumatano ya watoto watatu tu. Muuguzi alikuwa anafunga madirisha, Mama Mizani anapiga deki. Meza ilikuwa na maji, naye alikuwa na mifuko yake ya zamani mkononi, aliyoifua ili aihifadhi. Akatafuta mahali pakavu. Akaweka mfuko mmoja juu ya mizani mpya.

Kidirisha kikaonyesha sifuri nukta nne mbili.

"Nikadhani sijafua vizuri, labda una maji," anakumbuka. "Nikaushika, mkavu. Nikaweka wa pili. Sifuri nukta nne. Wa tatu, sifuri nukta nne tatu. Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu mbichi."

Alielewa kabla hajaambiwa. Mizani mpya haikumkondesha mtoto yeyote. Kwa miaka minne, kila mtoto wa eneo hili alipimwa pamoja na turubai, blanketi na vishikizo vya mbao.

Alimweleza muuguzi, kijana wa kike mwenye mwaka wa pili kazini. Muuguzi aliupima mfuko mara tatu, kisha akafunga mlango.

"Mama, tuseme mizani ya zamani ilizeeka. Vyombo vinazeeka. Nani atauliza?"

"Hata mimi nilitaka iwe hivyo," anasema Mama Mizani. "Usinione hivi. Usiku ule nilikwishapanga na maneno ya kusema. Lakini nikawaza, mtoto aliyekuwa anaonekana yuko salama kwenye kadi, ukimtoa gramu mia nne, anaangukia wapi?"

Asubuhi alirudi na swali hilo. Muuguzi alifungua daftari la miaka minne, akampa upande mmoja wa meza. Walipunguza gramu mia nne kwa kila mtoto ambaye bado hajatimiza miaka mitano, mmoja mmoja, siku mbili. Wengi walibaki kwenye rangi ya kijani ya kadi, ile ya uzito salama. Kumi na mmoja walitoka humo.

Kumi na mmoja waliokuwa wakihitaji kuangaliwa, na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na sauti ya mwanamke huyu ikimwambia mama yake, anapanda vizuri, endelea hivyo hivyo.

Muuguzi aliuweka uso kwenye viganja. Kisha akasema, "Twende. Lakini atakayeongea ni mimi."

"Hapana, mwanangu. Mfuko niliushona mimi."

Walitembea nyumba kumi na moja kwa siku nne, mizani mpya ikiwa imefungwa kwenye blanketi nyuma ya baiskeli ya mume, naye akiisukuma taratibu, maana muuguzi aliweka saini ya kuitoa. Nyumba ya tatu ilikuwa ya fundi cherehani, mama wa binti wa mwaka mmoja na miezi miwili. Fundi hakusimamisha cherehani yake waliposalimia.

Mama Mizani aliweka mfuko mtupu juu ya mizani. Akamwomba asome namba.

Cherehani ikasimama. Fundi alisoma, akaupokea mfuko, akaugeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye bitana kama mtu anayejua kitambaa.

"Kwa hiyo miezi yote ile ukiniambia mtoto anapanda, ulikuwa unapima blanketi?"

"Ndiyo, mwanangu. Nilikuwa napima blanketi."

"Na mama mkwe wangu ananiita mvivu wa kupika."

"Kosa ni langu. Nitakwenda kumwambia mwenyewe."

"Utakwenda?"

"Kama yupo, hata sasa."

Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba, anapepeta. Mama Mizani alikwenda na mfuko wake, akapiga goti, akaeleza tena kuanzia mwanzo. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa ungo mara mbili.

"Umri wako huu, unazunguka na mizani kujisema mwenyewe majumbani," alisema. "Huoni haya?"

"Ninaona, mama. Nimekuja nazo."

Si wote waliopokea hivyo. Baba mmoja aliwafukuza. Mama wa mapacha, ambao mmoja wao alikuwa kati ya wale kumi na mmoja, alisema atamshtaki, akafunga mlango, halafu akaufungua tena kuuliza kliniki ni Jumatano au imehamishwa.

Wiki iliyofuata Mama Mizani alibeba benchi, akaliweka uani mbele ya ubao wenye barua. Walikuja wanawake kama kumi na tano, wengi kwa udadisi. Alipima mifuko mitatu mbele yao. Hakusoma namba yeye, alimwita mmoja wao asome. Akawaeleza jinsi foleni ilivyokwenda, ndoano tupu, ndoano yenye mtoto, na kwa nini hakuna aliyeona.

"Sasa mimi nitajuaje hii mpya haidanganyi?" aliuliza mama wa Pipa.

"Usiniamini mimi. Leta kitu unachokijua uzito wake."

Mtu alikwenda dukani, akaja na pakiti ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa. Kidirisha kikasoma moja kamili na gramu chache za karatasi.

"Basi Pipa wangu hajakonda," alisema mama yake, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa jina lake. "Mwacheni aendelee kutukanwa kwa unene."

Siku hiyo ndipo ilipoanza desturi ya kumwita kila mama aone sifuri. Inaongeza nusu saa kwenye kazi. Muuguzi alijaribu kuifupisha, Mama Mizani akakataa katakata. Mwezi wa kwanza walifika watoto arobaini na saba. Wa pili, hamsini na watano. Mwezi huu, kabla ya Jumatano ya mwisho, ni sitini na mmoja. Kati ya wale kumi na mmoja, tisa wamerudi kwenye rangi ya kijani. Mmoja alipelekwa hospitali kubwa, akalazwa wiki mbili, akarudi nyumbani. Mmoja, mtoto wa yule baba, hajaletwa mpaka leo. Mama Mizani hupita pale kila Ijumaa baada ya kazi, husalimia, huondoka.

"Ipo siku atachoka kunifukuza," anasema.

Saa tano na nusu mtoto wa mwisho anavalishwa. Mratibu wa huduma za mama na mtoto, mwanaume mrefu aliyekuja na gari la hospitali kubwa, amekaa na daftari tangu asubuhi, akihesabu majina kwa kalamu. Analifunga. Anatoka barazani, anabandua barua ubaoni, anaikunja mara nne.

"Kliniki inabaki," anamwambia muuguzi. Kisha anamgeukia mwanamke anayekunja vitambaa. "Mama, nimekuja hapa mara ngapi? Kila nikikuuliza kuna shida gani, unaniambia hamna neno. Taarifa yenu ya ile mifuko nimeisoma. Ningeweza kukuandikia onyo."

"Andika, baba."

"Sijaandika. Nauliza kwa mara nyingine. Unahitaji nini?"

Muuguzi anamtazama. Ni dhahiri anategemea jibu lile lile la siku zote. Mama Mizani anamalizia kukunja kitambaa alichonacho, anakiweka juu ya vingine, anavisawazisha kingo kwa kiganja.

"Ile semina mnayowapeleka wauguzi," anasema. "Ya kupima. Nataka kwenda."

"Ile ni ya wauguzi, mama. Wahudumu hawamo kwenye orodha."

"Najua hatumo. Ndiyo maana sijawahi kuiomba." Anavuta pumzi. "Niandike na mimi. Miaka ishirini na miwili nimepima watoto wa watu, na hakuna hata siku moja mtu aliyenikalisha chini akanifundisha. Nataka kufundishwa."