Maharage Yanayopapasa

Nikiwa darasa la sita nilijua mambo mawili barabara: kuiga mwendo wa mwalimu mkuu, na maharage ya bibi yangu. La kwanza liliniletea fimbo. Afadhali lingekuwa hilo peke yake.

Tulipohamishiwa kijiji kipya upande wa Pito, kila kaya ilipimiwa eneo kwa kamba. Bwana shamba akatangaza mkutanoni: mahindi kwa mstari, mahindi peke yake, na atakayechanganya atang'olewa. Nadhani alimaanisha mazao, ingawa wazee walitazamana. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi, kisha akaenda nyuma ya choo chetu kulima ntumba sita, yale matuta ya mviringo ya kwetu Ufipa ambayo nyasi hufukiwa ndani zioze. Juu yake akapanda mahindi pamoja na maharage ya kutambaa. Mbegu ile aliibeba kichwani ndani ya kibuyu kutoka mji wa zamani, masufuria akayaacha yaje na trekta. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Alipomaliza kupanda, kibuyuni kilibaki kiganja kimoja cha akiba.

"Bibi, wakikukamata?"

"Nyuma ya choo nani atakuja kukagua, mjukuu wangu?"

Alinifundisha kuyatazama. Ncha ya harage changa haiendi juu tu. Inazunguka hewani polepole, kama kipofu anayetafuta ukuta. Nikiiacha imeelekea kwenye choo, nikienda kisimani na kurudi, naikuta imegeukia nyumba. Ikigusa bua la hindi, inalishika na kujizungusha, upande mmoja tu siku zote.

"Lipe cha kushika kabla halijachoka kupapasa," bibi alisema. "Na usilichagulie upande. Lina wake."

Siri kama hiyo mdomo wangu ungeiwezea wapi? Nilikuwa na rafiki tuliyekaa dawati moja. Nikamwambia mimea ina akili.

"Acha uongo," akasema. "Akili gani?"

"Kukuzidi wewe. Yenyewe haiibi hesabu zangu."

Akataka ushahidi. Basi bibi alipokwenda kisimani nikaimimina ile akiba mfukoni, kibuyuni nikatia vijiwe ili kikitikiswa kilie. Mbegu nikampa rafiki. Tukaotesha mbili kwenye kopo dirishani mwa darasa, tukaziwekea kijiti. Siku harage la kwanza liliposhika kijiti, rafiki yangu alilifuatisha kwa kidole mzunguko wake wote.

"Bibi yako anayapanda wapi?"

Nikamwambia. Njia ya kupita nikamchorea kwa chaki juu ya dawati, na choo nikakiwekea moshi ili acheke.

Wiki iliyofuata bwana shamba alikuja moja kwa moja mpaka nyuma ya choo, bila kuuliza njia. Maharage yalikuwa kwenye maua. Alimwamkia bibi shikamoo kwa adabu zote, akaitikiwa marahaba, akainama akang'oa. Hakubakiza hata shina moja. Jumatatu yake, mstarini, mwalimu akatangaza kiranja mpya wa shamba la shule. Alikuwa jirani yangu wa dawati. Nilipiga makofi na wenzangu, na katikati ya makofi ndipo nikaelewa.

Msimu uliofuata, kona moja ya shamba la shule ikawa na ntumba, na juu yake mahindi na maharage ya kutambaa. Bwana shamba yule yule alileta wageni kutoka Sumbawanga. Maelekezo yamebadilika, alisema, huu ndio ukulima wa kisasa. Kiranja akasogea mbele kuwaeleza.

"Ncha inazunguka kama kipofu anayetafuta ukuta."

Wageni wakatikisa vichwa. Kijana ana akili, wakasema.

Walipoondoka nikajificha kwenye mahindi, nikayakunjua maharage yote, shina moja baada ya jingine, nikayazungushia upande yasioutaka. Nikasubiri yafe kwa aibu. Baada ya siku mbili nikakuta yamejikunjua yenyewe, yamerudi upande wake, yanapanda mahindi ya shule bila kinyongo na mtu. Nilitegemea angalau maharage yangekuwa upande wangu.

Nikaenda kumwambia bibi, shavu nikiwa nimeshaliandaa.

"Bibi, mbegu yako iko shuleni. Mimi ndiye niliyeitoa."

"Yanashika?"

"Yanashika vizuri."

"Basi yakikauka utaniletea kiganja changu." Akaendelea kupepeta ulezi. "Na vile vijiwe ukavitoe kibuyuni. Mawe hayalii kama mbegu."

Alikuwa amejua siku ile ile. Msimu mzima alinipakulia ugali kama kawaida.

Sasa niko darasa la saba. Maganda yameanza kugeuka rangi, na kiranja anayalinda kwa fimbo. Dawati letu bado ni moja, na mtihani wa hesabu ni Ijumaa. Wiki hii nakosea kila jibu kwa makusudi, daftari nimelifungua wazi upande wake, na yeye ananakili kwa bidii. Ijumaa nitaandika yaliyo sahihi, nimeyafunika kwa mkono. Kiranja aliyefeli hawezi kubakizwa na fimbo ile.