Mlango wa Bi Mahfoudha

Nyie, mshawahi kuona mtu anakuja kwenu na mlango wa chumba chake kaupakia kwenye pikapu?

Mimi nimeona. Ibra, huku Omani, kiangazi cha 2004.

Tuna nyumba ya udongo shambani, ya babu. Zamani, tende zikianza kuiva, familia kutoka Sur zilikuja kupanga vyumba, kukimbia joto la pwani. Viyoyozi vilipoingia wakaacha. Akabaki mmoja tu, Bi Mahfoudha. Kakulia Unguja kama mama yangu, basi wakikutana wawili hao ni vicheko mpaka Magharibi.

Mama akafariki. Nyumba ikawa mikononi mwangu.

Nami nilitaka kuwaleta wenzangu wa ofisini, nijishaue. Bi Mahfoudha na mikeka yake na mbuzi wake? Nikaona haya.

Simu ikalia, ni yeye. "Rahila mwanangu, tende zishageuka rangi?"

Kwetu mgeni wa msimu haambiwi usije. Unatafuta udhuru.

"Bibi, nyumba imeanguka. Mvua. Hapana hata pa kuweka mto."

"Inna lillahi! Nyumba ya mama yako!" Akakata.

Nikapumua. Mjinga mimi!

Ijumaa, wenzangu wako barazani wanakula tende, pikapu ikaingia. Anaendesha Humaid, mwanawe, seremala. Nyuma kuna boriti, mikeka, na mlango mmoja mkongwe.

Bi Mahfoudha akateremka na fimbo. Akautia mkono ukuta, akausukuma kidogo. Mzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Tulikuja kujenga." Akamgeukia mwanawe. "Alhamdulillahi, haijaanguka. Watu walitudanganya."

Watu! Mbele ya wageni wangu kanisitiri. Wallahi bora angenizaba kofi.

"Bibi, chumba chako kipo, ingia."

"Kina wenyewe, mwanangu."

Akanywa kahawa kikombe kimoja, akakitikisa kuwa basi, akaondoka. Mlango akauacha. "Nimeung'oa kwa ajili ya mama yako. Siurudishi."

Kiangazi kilichofuata nikampigia mimi. "Bibi, njoo, nakungoja."

"Ningekuja, mwanangu, lakini Humaid ananijengea. Nyumba nzima mchanga na saruji."

Nikaenda Sur kumpongeza. Hapana mchanga, hapana saruji. Mlangoni mwa chumba chake limetundikwa pazia.

Jamani, ukimchoka mtu mwambie kweli, akununie yaishe. Mama akisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi wangu nilimzuia kwa uongo, na mpaka leo sijapona.